Mzee wa Brauni

Ukimlalamikia mzee wa uwanja kuhusu jambo lolote, alikuwa na swali moja tu: "Ulipiga ngapi?" Ukisema majani yamekuwa marefu, ulipiga ngapi. Ukisema mchanga una vijiwe, ulipiga ngapi. Ukisema kenge alikaa katikati ya njia akakutolea ulimi wakati umeshanyanyua fimbo, alikupa pole kwanza, akatikisa kichwa, halafu akakuuliza ulipiga ngapi.

Kwa asiyeujua mchezo wa gofu, anayepiga mara chache ndiye mshindi, na kwetu washindi hawakuwa wengi. Mzee aliamini kwamba ubaya wa uwanja unapimwa kwa mipigo. Mtu akimaliza na themanini, uwanja ulikuwa mzuri, upepo ulikuwa wa kupunga, na hata wale wadudu wa ziwani wanaoruka kama moshi hakuwaona. Mtu huyohuyo akirudi wiki inayofuata na mia na ishirini, anaingia ofisini kabla hajavua kofia, anataka daftari la malalamiko. "Uwanja ni uleule," alikuwa akisema mzee, "nimelala nao, nimeamka nao, haujaenda popote."

Mimi nina duka la vipuri vya pikipiki Igoma. Nilianza gofu kwa sababu daktari aliniambia nitembee, na mume wangu husema daktari alisahau kuniambia nisikasirike. Baada ya miaka miwili wakanichagua katibu wa kamati ya uwanja. Sikuchaguliwa kwa uhodari. Nilikuwa na kompyuta na mashine ya kuchapa, na walishachoka kuandika matangazo kwa mkono. Hivyo daftari la malalamiko likawa langu, na mzee naye, kwa namna fulani, akawa wangu. Yeye aliniita Katibu. Siku akiwa na furaha aliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na siku hizo sikuwa na ujasiri wa kumwambia lolote baya.

Lazima nieleze brauni, maana bila brauni huwezi kumwelewa mzee. Uwanja wetu una mashimo tisa kando ya ziwa, na mawe ya Mwanza yamekaa humo yanavyotaka yenyewe. Kwenye televisheni unaona shimo limezungukwa na majani mafupi, laini kama zulia. Hiyo wanaiita grini. Sisi tulikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, ukashindiliwa mpaka ukawa mgumu na wa kahawia, ndiyo maana tukauita brauni. Oili ilitoka kwa mafundi wanaotengeneza pikipiki mbele ya duka langu. Mzee alikuja nayo kwenye dumu, akachanganya kwa koleo huku anaonja kwa vidole, yaani anausugua mchanga kati ya kidole gumba na cha shahada, anafumba macho, anasikiliza. Ukimuuliza vipimo, alisema, "Mpaka uache kulalamika." Mchanga, alimaanisha.

Kabla ya kusukuma mpira wako shimoni, kwenye brauni kuna kazi moja ya adabu. Unachukua ubao uliofungwa gunia, unauvuta taratibu kutoka mpira ulipo mpaka shimoni, unafuta nyayo za waliotangulia, ndipo unapiga. Ukimaliza, unafuta na zako. Mzee aliita kazi hiyo kupiga pasi, na hakuna kitu duniani alichokichukia kama mtu anayeondoka bila kupiga pasi. Angeweza kuwa mashimo matatu mbali, ameinama anang'oa gugu, amekupa mgongo, na bado ungemsikia: "Pasi!" Siku moja alimpigia kelele hiyo mheshimiwa mmoja mkubwa sana aliyekuja na magari matatu. Walinzi walishtuka, wakaangaliana. Mheshimiwa alirudi peke yake, akaupiga pasi mchanga wote, pamoja na nyayo ambazo hazikuwa zake.

Mwenyewe alivaa katambuga, zile ndala za tairi, huku akiwafukuza wenye viatu vya visigino. Alisema gofu ni kazi ya watu waliokosa ng'ombe wa kuwafuata. Hakuwahi kuishika fimbo hata kwa kujaribu; ukimpa akushikie, aliishika kwa mbali kama mtu aliyepewa nyoka aliyekufa. Lakini alijua mipigo ya kila mmoja wetu. Alikuwa anafyeka huku, anaimba sauti ya nne ya nyimbo za kwaya yao huko Mkolani, na wewe uko ng'ambo unahangaika kwenye majani, unadhani uko peke yako na Mungu wako. Ukifika ofisini unaandika saba kwenye kadi. Yeye anapita na toroli, hasemi kitu, ila anakohoa. Watu wazima wenye vyeo walifuta saba wakaandika tisa kwa sababu ya kikohozi kile.

Daftari la malalamiko lilikuwa na safu ya pili iliyoandikwa Hatua Zilizochukuliwa. Safu hiyo alijaza yeye, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali. Mwanachama mmoja aliandika kwamba jiwe la shimo la nne linazuia mipira na liondolewe. Jiwe lenyewe lina ukubwa wa nyumba ya vyumba viwili na sebule. Mzee akaandika: "Limeelezwa." Mwingine akaandika kwamba kutokana na majani kuachwa marefu amepoteza mipira mitatu. Mzee: "Mipira imeonekana. Ipo majini." Mwingine alijaza ukurasa mzima, kwa hasira na kwa Kiingereza, kuhusu wadudu wa ziwani kuingia mdomoni mwake alipokuwa anapiga. Mzee alikuja kuniuliza maneno yanasema nini, nikamtafsiria, akafikiri sana, akaandika: "Afunge."

Nilicheka, sikatai. Halafu kama katibu nikamwita nikamwambia hayo si majibu ya kiofisi. Alinisikiliza kwa heshima zote, mikono nyuma. Wiki iliyofuata mtu alilalamika kwamba upepo wa ziwani umezidi, na jibu likawa: "Suala linashughulikiwa na ngazi za juu." Sikumwita tena.

Kulikuwa na habari ya ng'ombe pia. Mashine ya kukata majani iliharibika, kipuri kikawa kinasubiriwa kutoka Dar, na majani ya mvua hayamsubiri mtu. Mwezi wa pili wa kungoja nikafika asubuhi nikakuta ng'ombe kumi na mmoja wamepangwa mstari kwenye njia ya shimo la tatu, wanakula, na mzee anatembea nyuma yao na fimbo kama mwenye mji. Alikuwa ameelewana na mfugaji wa jirani. Majani yalipungua vizuri kabisa, tena kwa usawa kuliko mashine ilivyowahi kukata. Mwenyekiti wetu, daktari wa meno mstaafu, mtu wa kunyoosha suruali, alikanyaga kinyesi akapandisha sauti mpaka Mirongo wakasikia. Mzee akamwambia, "Mashine ilikuwa inatoa moshi mchana kutwa, na hamkusema."

Na sasa jambo ambalo lazima nilitaje, kwa sababu ndilo linalobeba habari yote: mzee alirudisha vitu. Chochote ulichoangusha uwanjani, kiwe mpira, miwani, funguo au hereni, alikirudisha. Hakutangaza wala hakusubiri asante. Alijua mfuko wa kila mtu na kila kitu kilitoka mfuko upi, basi alikirudisha mahali pake palepale, ukaja kukikuta kama hakijawahi kutoka. Mwenyekiti, wakati anajipiga kofi kufukuza wadudu kwenye brauni ya nane, aliangusha jino lake la bandia asijue mpaka nyumbani. Daktari wa meno! Alikaa siku mbili hatabasamu. Siku ya tatu alilikuta kwenye mfuko wa pembeni wa begi lake, limeoshwa, limefungwa kwenye jani la mgomba. Mpaka leo mwenyekiti anaamini lilidondokea humo lenyewe.

Shida ilianza tulipoalikwa kucheza mji mwingine, kwenye uwanja wenye grini za majani. Tulirudi wagonjwa. Sisemi kwa utani, tulirudi kama watu waliokula harusini kwa tajiri wakakuta nyumbani ugali na dagaa. Mchanga ambao tuliucheza miaka yote ukaanza kutunukia oili. Daftari likajaa. Watu walinukuu viwanja vya kwenye televisheni kwa majina, wakataka majani yawe ya kiwango fulani, rangi fulani, wakati wengine wao nyumbani kwao hawana hata ua moja. Na mimi nilikuwa wa mbele. Ndimi niliyeleta hoja kwamba tugeuze brauni ya sita iwe grini ya majani kwa majaribio, kabla ya mashindano ambayo tungewapokea wageni wa Bukoba na Shinyanga.

Brauni ya sita ndiyo iliyo karibu kabisa na maji. Tukamwita mzee tumweleze. Alisikiliza, akaangalia ziwa, akasema, "Pale tutamlisha mtu."

"Nani?" mwenyekiti akauliza.

Mzee akaonyesha kidole majini. Maji yalikuwa yametulia. Hapakuwa na kitu.

"Mchanga hauliwi," akasema. "Ndiyo maana ni mchanga."

Mwenyekiti alimwambia kwamba huo ni woga wa kizamani na kwamba kiboko hajaonekana pale kwa muda mrefu sana. Mzee akajibu kwamba hajaonekana kwa sababu hajaandaliwa. Akakataa kulima ile brauni. Hakugomba, alikataa tu, akaenda kufyeka shimo la pili huku anaimba.

Kikao kilikuwa kifupi. Kwamba mzee amechoka, hana ushirikiano na maendeleo, umri umekwenda, apumzishwe. Waliosema hivyo wote walikuwa wamepiga zaidi ya mia wiki ile, lakini hilo nimeliona baadaye. Katibu aandike barua na amkabidhi mkononi. Katibu ni mimi. Niliichapa jioni ileile dukani, kati ya cheni na matairi, na nikaweka maneno "kwa masikitiko makubwa" ingawa hakuna aliyesikitika ila mimi, na mimi si sana. Nilijua kitakachompata. Mkolani alikuwa na nyumba na mke, watoto wameshatawanyika, na shamba hana, aliwahi kuniambia, "Mayu, shamba langu mimi ndilo hili, ila silivuni." Nilijua, nikachapa, nikaikunja mara tatu, nikaitia kwenye mfuko wa mbele wa begi langu la fimbo, pamoja na vijiti vya kuwekea mpira.

Halafu sikumpa.

Siku ya kwanza nilimkuta ananiletea kiti kivulini. Siku ya pili alikuwa amechomwa na mwiba, na mtu hapewi barua ya kuachishwa kazi huku ameshika mguu. Siku ya tatu aliniita mayu. Mwenyekiti alipouliza, nilisema nangoja wakati mwafaka. Vijana wa kukodi walilima brauni ya sita, wakapanda majani, wakamwagilia asubuhi na jioni. Mzee hakukaribia. Alipita mbali na toroli kama mtu anayepita nyumba yenye ugomvi. Na mimi nikawa nazunguka uwanja na kazi ya mzee begani, mashimo tisa, mara mbili, kila Jumamosi. Mchezo wangu ukaharibika kuliko ulivyokuwa umeharibika.

Jumamosi moja nilipiga mpira kwenye lile jiwe la shimo la nne ukarudi ukapita juu ya kichwa changu. Nikaupiga tena, ukarudi tena, mara hii ukatua nyuma ya jiwe upande wa vichakani. Huko nyuma sitaki kueleza yaliyotokea. Nilipotoka nilikuwa nimeshika begi kwa mkono mmoja, na nikalirusha. Nimelea watoto wanne na sijawahi kurusha kitu, lakini begi lile niliruka nalo kabisa. Vitu vikasambaa. Nikaviokota huku natukana kwa ndani, nikamaliza mchezo na mipigo mia na thelathini na moja, nikaingia ofisini nikajilalamikia mwenyewe kwenye daftari, kuhusu jiwe. Hatua zilizochukuliwa: "Limeelezwa tena."

Siku mbili baadaye nikafungua mfuko wa mbele. Barua haipo.

Nilirudi uwanjani mbio, nikaliacha begi mlangoni pa ofisi, nikapekua majani ya shimo la nne kwa magoti. Mzee aliniona kwa mbali, akanyanyua mkono kunisalimia. Nilimwamkia kwa sauti ambayo haikuwa yangu. "Shikamoo, mzee!" "Marahaba, Katibu! Umepoteza mpira?" Nikasema ndiyo, mpira. Nikaenda nyumbani nikiwaza ng'ombe wameila, upepo umeichukua, mtu ameiokota anaisoma kwa sauti sokoni Igoma. Jioni nikamwaga begi lote sebuleni, na barua ikaanguka kutoka mfuko uleule wa mbele, katikati ya vijiti. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na ina doa la oili pembeni. Nikajicheka. Kila kitu changu kina doa la oili, hata vyeti vya watoto. Nikadhani niliikunja vibaya na haikutoka mle kabisa, kwamba hofu ilinipofusha macho.

Majani ya sita yalipendeza, hilo lazima niseme kwa haki. Yalikuwa mafupi, ya kijani kibichi, laini, unayavulia viatu. Watu walipiga picha nayo. Mwenyekiti alileta wajukuu wake wayaone. Akaniambia mashindano yakiisha tu, barua itoke, hakuna visingizio tena, kwani grini yenyewe ilikuwa ushahidi kwamba mzee alikuwa anatuchelewesha.

Asubuhi ya mashindano nilifika saa kumi na mbili kupanga meza. Wageni wangeanza saa mbili. Mwenyekiti alikuwa ameshafika, amesimama kwenye grini ya sita na suruali yake iliyonyooka. Nikasogea. Majani hayakuwepo. Yalikuwa yamenyolewa mpaka udongoni, mduara mzima, kwa usafi wa kushangaza, kana kwamba aliyekula aliambiwa mpaka wake. Palikuwa na nyayo kubwa za vidole vinne zimezama ardhini, na sehemu alipolala akishashiba. Shimo lenyewe na bendera yake vilikuwa vimefunikwa na shukrani zake. Zilikuwa nyingi. Zilikuwa bado zinatoa mvuke.

"Tumlaze mgeni na harufu hii?" mwenyekiti akasema, nadhani kwa mshtuko, maana sentensi haikuwa na maana.

Ndipo nikasikia toroli. Mzee alikuja katambuga miguuni, anasukuma mchanga, na nyuma yake vijana wawili waliokuja kupanga viti wanavuta mapipa mawili ya oili chafu kwenye mkokoteni, yote kutoka dukani kwangu. Hakumwangalia mwenyekiti wala mimi. Alitoa koleo.

"Mchanga huu umetoka wapi asubuhi hii?" nikamuuliza.

"Ulikuwa chini ya turubai, nyuma ya banda."

"Tangu lini?"

"Tangu mnapanda."

Tulifanya kazi wote watatu, na wale vijana wawili. Niliwahi kuona mambo mengi lakini sijawahi kuona daktari wa meno mstaafu anabeba kinyesi cha kiboko kwa karai. Mzee alichanganya, akaonja kwa vidole, akafumba macho. Tukashindilia kwa miguu, tunazunguka duara kama tunacheza ngoma. Saa mbili kasoro dakika tano akapiga pasi ya mwisho, akachomeka bendera, akasimama pembeni. Aliyeshinda siku ile alikuwa mama mmoja wa Bukoba, na kwenye hotuba alisema brauni zote zilikuwa nzuri ila ya sita haina mfano, inaonyesha matunzo ya muda mrefu. Mwenyekiti alisimama akapokea pongezi. Suruali ilikuwa na madoa mpaka magotini.

Baada ya hapo hakuna aliyeitaja barua. Mwenyekiti hakuiuliza, nami sikuikumbusha. Ilibaki kwenye mfuko wa mbele, na mzee alibaki uwanjani mpaka siku magoti yake yalipoamua, akaja ofisini mwenyewe akasema, "Katibu, nimetosha." Tulimfanyia sherehe ya soda na nyama choma, akaimba. Kwenye safu yake ya mwisho ya daftari, ambapo mtu alilalamika kwamba mzee anaondoka, aliandika: "Limesikika."

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia Mkolani. Nilikuwa na sababu: mtunza uwanja mpya ni kijana mzuri mwenye cheti, lakini mchanga wake unalalamika, na nilitaka vipimo. Nilimkuta kwenye kochi, miguu juu ya stuli, anatazama gofu kwenye televisheni. Mtu ambaye hakutaka kushika fimbo! Alikuwa anagombana na uwanja wa Ulaya. "Tazama, Katibu, hawa majani yao wameyanywesha mno. Na yule hajapiga pasi."

"Mzee, kwenye majani hakuna pasi."

"Ndiyo ninayosema."

Mkewe akaleta chai na viazi. Nikamuuliza vipimo vya oili, akaniambia mpaka mchanga uache kulalamika. Tukakaa. Kisha nikaona ni sasa au basi. Nikamwambia kuna kitu nilimficha. Wakati ule wa majani ya sita, kamati iliamua aondoke, na mimi ndiye niliyeandika, na nilitembea na barua ile begini muda mrefu nikiwa nakunywa chai yake na kukaa kwenye kiti alichoniletea. Nikamwambia naona aibu. Na kweli niliona, mpaka macho yakaniuma.

Mzee hakuacha kutazama televisheni.

"Najua. Uliiangusha shimo la nne."

Nikaweka kikombe chini.

"Nikairudisha mfuko wa mbele," akasema. "Pamoja na vijiti vitatu."

"Uliisoma?"

"Ilikuwa imefunguka. Ilikuwa na jina langu, Katibu, jina la mtu linamwita."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukuichana? Mzee, ilikuwa kazi yako ile!"

Akageuka akanitazama kama ninavyotazamwa na wateja nikiwauliza kama pikipiki yao ina magurudumu.

"Ulikuwa hujanipa," akasema. "Ilikuwa bado kitu chako. Kitu cha mwanachama kinarudishwa."

Nililia kidogo, sioni haja ya kuficha, nikafuta kwa kitambaa kilichofunika viazi. Mkewe akajifanya anatafuta sukari. Nilimuuliza kama alichukia. Akafikiri, kama alivyofikiri kuhusu wale wadudu.

"Nililala vibaya siku mbili," akasema. "Halafu nikajiuliza, aliyeandika hii anapigaje siku hizi? Nikakumbuka ile Jumamosi ya begi. Nikasema, hapana, barua ya mtu wa mipigo ile haiwezi kuwa ya kweli sana." Akanisogezea sahani. "Siku ile ulipiga ngapi?"

"Mia na thelathini na moja," nikasema. Namba kama hiyo mtu haisahau.

Mzee akakohoa.

"Mia na thelathini na tatu, mayu," akasema, kwa upole, akarudisha macho kwenye televisheni. "Mbili ulizipiga nyuma ya jiwe."